Mwalimu wa Kwaya na Vyuma vya Reli

Mwalimu wa Kwaya hakuweza kupita penye chuma bila kukigonga. Alikuwa na ufunguo wa kabati la nota za kwaya, mkubwa, wa shaba, ameufunga kwa kamba shingoni, na huo ndio aliogongea. Anagonga, anainamisha kichwa, anasikiliza, anagonga tena. Geti la mtu, nguzo ya kibaraza, ringi ya lori iliyoachwa kando ya barabara, vyote vilipata zamu yao. Sisi watu wa Same tulishamzoea, ila wageni walioshuka kwenye mabasi walimshangaa. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama yule mzee ni mzima. Nikamwambia ni mzima kuliko mimi na yeye.

Mimi nina banda la chakula nyuma ya stesheni. Wali maharage kila siku, makande siku za gulio, chai ya tangawizi wakati wowote. Siku ya kwanza alipoingia hakukaa kwenye benchi kama watu wengine. Alipiga magoti mbele ya jiko langu akachungulia chini ya sufuria. Nikajua huyu ni bwana afya, leo nimekwisha. Nikaanza kujieleza: maji nachemsha, sahani nasuuza kwa maji ya moto, choo kipo kule, kisafi. Aliniacha nimalize maelezo yangu yote, kisha akauliza vile vyuma vitatu vilivyobeba sufuria nimevitoa wapi. Nikasema nilivikuta hapa hapa kwenye majani nilipokuwa nafyeka. Akaniambia ndivyo vinavyounganisha kipande cha reli na kipande kingine, na kwamba vimepitiwa na watu wengi kuliko wote nitakaowahi kuwalisha. Baada ya hapo ndipo akaagiza chai. Tangu siku hiyo hakuhama, akawa mteja wangu mpaka magoti yalipomkatalia.

Sasa amelala, huko kwao juu Chome, na mimi nimebaki na shukrani ambazo sijui nizipeleke wapi. Nitasema mapema ni za nini, nisije nikawazungusha: mzee huyu alinitafutia kaburi la baba yangu.

Baba alikuwa Muha, aliletwa huku na kazi ya reli. Alikuwa kibarua wa njia, mmoja wa wale wanaume waliokuwa wakikaa kundi zima kwenye nyumba ndogo ndogo kando ya reli zinazoitwa gengi. Gengi lao lilikuwa mahali fulani kati ya Makanya na Hedaru. Mama alipokaribia kujifungua alipanda treni akaenda kwao Kigoma kwa mama yake. Huko huko habari ikamfikia kwamba mumewe ameugua siku chache tu akafariki, na wenzake wamemzika. Mimi nilikuwa bado tumboni. Aliporudi, amenibeba mgongoni, kundi lile lilikuwa limetawanywa, milango ya gengi imefungwa kwa waya. Kibarua mmoja tu aliyekutana naye stesheni ndiye aliyempa neno: tulimzika upande wa milima, tukamwekea alama. Mama hakuuliza alama gani. Alijua ni msalaba, ingekuwa nini tena? Akazunguka porini na mtoto mgongoni akitafuta msalaba, na msalaba hakuuona.

Akabaki Same, akafua nguo za watu, akanilea. Kila mwaka alikuwa akisema mwaka huu tutampata. Halafu macho yake yakaanza kuzimika. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Basi ikawa si habari ya mwaka huu wala mwakani tena. Mama alitaka aone mahali mumewe alipolala kabla hajaacha kuona kabisa, na hakuwa na ombi lingine duniani.

Nilimsimulia Mwalimu haya siku moja nikimmiminia chai. Hakusema pole. Aliuliza upande gani wa Makanya. Kisha akasema atatazama, akaimaliza chai yake mpaka ile tangawizi inayobaki chini, Mpare kweli kweli.

Niseme kidogo ugonjwa wake wa vyuma aliuokota wapi. Kanisani kwao Chome, kama makanisa na shule nyingi za milimani, kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti na kugongwa kwa nyundo. Kipande hicho kiliibwa, na yeye, kwa kuwa ndiye mwenye sikio, akatumwa bondeni akatafute kingine. Akatafuta kwa makini, akachagua kirefu, akidhani kirefu ndicho chenye sauti kubwa. Wanaume wakaitwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwa Wapare hakuna anayeikwepa, wakakibeba kwa zamu mabegani mpaka juu. Kilipogongwa kilitoa sauti nene iliyoishia kwenye migomba. Watu wa ng'ambo ya bonde hawakusikia kitu. Jumapili ile walifika ibada imekwisha, wamevaa vizuri, wamekasirika. Mwalimu akateremka tena kutafuta kifupi, na tangu alipoteremka mara ile ya pili, hakuacha kutafuta.

Alikuwa anaona. Sijui niseme vipi. Mimi na wewe tungepita tukaona majani, yeye anaona reli. Alinionyesha daraja la mtaro huko Kihurio, kwenye mashamba ya mpunga, watu wanavukia na baiskeli na magunia, kumbe ni mataruma matatu yamelazwa, yale mabamba ya chuma yanayolala chini ya reli. Makanya alimkuta mama mmoja anaanikia nguo kwenye nguzo ya ishara ya treni, ule mkono wa ishara umekatika zamani. Hakumkataza. Alimnunulia kamba ya katani aifunge vizuri, kwa sababu waya aliokuwa akitumia ulikuwa unaila nguzo. Kijijini Kifaru nako aliingia nyumba ya watu kwenye msiba, akakaa, akapapasa chini ya benchi aliloketi, akagundua ni benchi la stesheni. Mwenye nyumba analia, yeye yupo chini ya benchi. Nilimwambia Mwalimu, siku moja watakupiga. Akasema alilia pia, ila baadaye.

Hakuchukua kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na alikuwa akiisema kwa ile sauti ya kuamrisha kwaya: kiache kilipo, kikihama hakina wa kukisemea. Alikuwa akigombana na vijana wanaonunua vyuma chakavu mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Lakini ukienda nyumbani kwake hapa Same, banda la kuku limesimama juu ya mataruma manne mazuri. Nilimuuliza. Akasema aliyakuta kwenye kiwanja wakati ananunua. Jirani yake, ambaye walikuwa na kesi ya mpaka wa upana wa unyayo na wamezeeka nayo, aliniambia aliyaona yakishushwa kwenye mkokoteni. Sikumchunguza zaidi, kwa sababu mayai alikuwa akiniletea.

Na alikuwa mkali, jamani. Chuma angekisikiliza asubuhi nzima kwa upole, lakini binadamu aliyeimba sauti ya pili vibaya hakupewa nafasi. Nimeimba kwaya yake, najua. Alikuwa anasimamisha wimbo mzima, anakutazama, anasema, "Wewe na mwenzako mnaimba nyimbo mbili." Sifa yake kubwa kabisa ilikuwa "si vibaya". Siku tuliyoimba kwenye harusi ya binti yake mwenyewe na watu wakasimama wote kushangilia, alifuta miwani, akasema si vibaya. Mimi namshukuru hata kwa hilo. Alinifundisha kwamba ukisikiliza, unasikia, na kwamba wengi wetu hatujaanza hata kusikiliza.

Treni ya abiria iliporudi baada ya miaka yote ile ya kimya, tulidhani yeye ndiye atakuwa wa kwanza kupanda. Alipanda kweli, amevaa koti lake la kwaya. Kabla hata ya Makanya alikuwa ametapika mara kadhaa, amelowa jasho, abiria wanampepea kwa kanga. Alishuka pale, akarudi Same kwa lori la jasi, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu. Tulicheka mpaka tukashikana mbavu. Akasema treni ni kitu cha kuangalia, si cha kupanda, na akaagiza makande. Hakupanda tena hadi alipokufa, ingawa kila ilipopita alitoka nje akavua kofia.

Kitu kingine kilichowachanganya watu ni kilabuni. Mzee wa kanisa, hajawahi kuonja pombe, na alikuwa akishinda kwenye kilabu cha dengelua, ile pombe ya miwa ya Kipare, na soda yake mkononi. Mchungaji aliwahi kumuita wakazungumza. Ukweli ni kwamba vibarua wa reli wa zamani waliobaki, wale waliotoka mbali wakaoa huku au wakakosa nauli ya kurudi, walikuwa wakikaa pale. Alikuwa akiwauliza stoo ilikuwa wapi, tangi la maji lilisimama wapi, nani alikuwa nyapara. Na baada ya mimi kumsimulia habari za baba, akaongeza swali moja. Alikuwa akirudi na kuniambia jibu kila mara, hata likiwa hakuna. Leo hakuna, mwanangu. Leo kuna mmoja alimkumbuka Muha mrefu, lakini huyo alikuwa Muha wa gengi lingine. Sikuwahi kuwa na mtu mwingine anayeniletea habari za baba yangu, hata habari za kwamba hakuna habari. Nilikuwa nazisubiri.

Miaka ikapita hivyo. Mama akawa hatofautishi tena sura, anatujua kwa sauti na kwa mwendo. Rangi nyeupe alikuwa bado anaiona, na kitu kikubwa kilichosimama mbele ya mwanga. Nikaanza kumwambia Mwalimu asijisumbue. Mguu wake nao ulikuwa umeanza kuvimba.

Halafu akaadimika. Siku ya kwanza nikasema anaumwa, nikampelekea uji. Mkewe akasema hayupo, katoka tangu asubuhi. Ya pili hayupo, ya tatu hayupo. Nilipomwona tena alikuja banda langu limejaa, akasimama mlangoni, hakugonga nguzo. Nikajua kuna jambo. Nilimmiminia chai, akaisogeza pembeni.

"Mwanangu, nimemwona baba yako," alisema. "Nimemwona siku nyingi. Nilikuwa sijui kwamba ni yeye."

Akanieleza polepole. Kuna mahali kabla ya kufika Hedaru, upande wa milima, mbali kidogo na njia, pana taruma limesimikwa wima juu ya rundo la mawe. Alikuwa akilijua tangu zamani. Alilichukulia kuwa alama ya mpaka wa eneo la reli. Mipaka ile iliwekwa vipande vya reli, na yeye akajisemea labda hapa vilikwisha wakaweka taruma. Sisi Wapare, alisema, tukiona kitu kimesimama shambani tunajua ni mpaka, hatuna wazo lingine kichwani. Na kaburi alipolitafuta, alitafuta msalaba, kama mama alivyotafuta, kama nilivyotafuta mimi. Alipita karibu na lile taruma akienda kutafuta msalaba vichakani.

Wiki ile akasikia wanunuzi wa vyuma chakavu wameng'oa alama za mpaka upande ule. Akakimbilia huko kuona kilichobaki. Vipande vya reli vyote vimekwenda. Taruma lilikuwepo, kwa sababu mawe yalikuwa mengi na walichoka. Akaanza kuyapanga upya waliyoyavuruga, na ndipo alipoyaangalia kwa mara ya kwanza. Mawe ya mahali pale ni mekundu. Yale yalikuwa kokoto za reli, nyeusi, za kutandikwa chini ya mataruma. Mtu gani abebe kokoto za reli aende kuzitupa mbali na reli, mkono kwa mkono, mpaka ziwe rundo la urefu wa mtu aliyelala? Hiyo siyo kazi ya mpaka. Hao ni wenzake, kila mmoja amebeba za kwake. Akakwangua kutu ya lile taruma kwa jiwe. Chini yake palikuwa na msalaba mdogo uliochongwa kwa tindo, na herufi mbili.

Wangeweka wa mti, mchwa wa kule wangeumaliza msimu mmoja. Watu wa reli wanajua hivyo kuliko mtu yeyote. Walimwekea mwenzao kile walichojua kitabaki.

Alizitaja zile herufi. Zilikuwa za baba.

Niliuliza kwa nini siku tatu. Akasema siku ya pili alikwenda kuhakikisha, na ya tatu alishindwa kuja. Akatazama mikono yake.

"Nilikuwa nikichoka nakaa juu ya yale mawe," akasema. "Nimekaa pale nikamenya ndizi, mwanangu. Si mara moja. Nisamehe."

Nilicheka. Kisha nikalia, kisha nikaunguza maharage ya watu. Nilimwambia baba yangu alikaa peke yake pale umri wangu wote, na kama kuna mzee alikwenda akakaa naye akala ndizi, basi mimi namshukuru mzee huyo kwa ndizi zote. Nilimwambia ukweli, na nausema tena hapa. Mwalimu alivuta kikombe, chai imeshapoa, akainywa.

Tulikwenda Jumatatu iliyofuata, kwa gari la jirani yangu, kwa sababu mama alikataa kungoja hata Jumapili ya pili. Mwalimu alikaa mbele kuonyesha njia, dirisha wazi, uso nje. Gari lilipokwama kwenye mchanga tukashuka tukatembea. Yeye mbele na fimbo yake, mguu mmoja unaburuta, anapinda matawi ya miiba ili yasimchome mama. Mama amevaa gauni lake la ekaristi, mkono wake umenishika juu ya kiwiko. Jua lilikuwa kali. Kulikuwa na ng'ombe wa Wamasai mbali kidogo na kengele zao, na milima imesimama juu yetu yote.

Tulipofika, Mwalimu alisogea pembeni akavua kofia. Mama alisimama akageuza kichwa huku na huku, kama afanyavyo akitafuta mwanga. "Kitu cheusi," akasema. "Kimesimama." Nikamwambia ndiyo, ndicho hicho mama, umekiona. Akaniachia mkono. Alikwenda mwenyewe zile hatua za mwisho, akagusa chuma, akatafuta kwa vidole kutoka juu kushuka chini mpaka akakuta msalaba, na chini yake herufi. Mama hakusoma shule. Lakini herufi zile mbili anazo kwenye sanduku la bati la mumewe, liko chini ya kitanda chake hadi leo, na amelifuta vumbi maisha yake yote. Alizipitia kwa kidole, akazipitia tena.

Akaketi chini kwenye zile kokoto. Alizungumza Kiha, muda mrefu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mwenzake habari za siku nzima. Nilisikia majina ya watoto wangu. Nilisikia habari za nguo alizofua. Halafu akabadili akasema Kiswahili, labda ili nami nisikie vizuri.

"Nimechelewa, lakini nimekuja. Yule uliyemwacha tumboni, huyu hapa." Akaninyooshea mkono bila kujua nimesimama upande gani. "Mwanangu, msalimie baba yako."

Mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu. Kutwa nzima nawasalimia wazee kwenye banda langu, na wadogo nawaitikia, na neno lile kwa baba yangu sikuwahi kulisema hata siku moja, kwa sababu hakuwahi kuwepo wa kuambiwa. Nilipiga magoti. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Salamu hii sote tunajua ilivyo, haisemwi ikaachwa, mtu mkubwa lazima aipokee, la sivyo aliyeitoa hubaki ameinama hajui afanye nini. Nilibaki hivyo hivyo, kichwa chini, mikono juu ya kokoto za moto. Ndipo nikasikia fimbo ikikanyaga mawe nyuma yangu, na Mwalimu wa Kwaya, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia na kwaya, akaipokea kwa niaba ya mwenzake.

"Marahaba, mwanangu," alisema, kisha akakaa chini pamoja nasi.